Chatu Alinikaba Mkono, Mume Wangu Akashika Simu

"Mume wangu, nisaidie... mkono unakufa!"

"Tulia kwanza. Geukia huku kwenye mwanga."

Jamani, someni taratibu. Chatu amenizunguka mkono wa kulia, meno yamezama juu ya kifundo, vidole vimeshaanza kubadilika rangi. Na mume wangu wa ndoa amesimama pembeni, ananirekodi.

Mimi ni fundi cherehani. Mkono huo ndio unaoshika mkasi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mume wangu ana ukurasa mtandaoni wa wanyama wa ajabu. Ana kenge, ana vinyonga, lakini nyota wa ukurasa ni huyo chatu, Malkia. Anaishi sebuleni kwenye sanduku la kioo, ana taa yake ya joto na beseni lake la maji, na chakula chake ni sungura tunaowafuga bandani. Majirani walinitania, eti mke mwenzangu hajui kupika lakini kapewa sebule.

Na kwa kweli nilimpenda. Mimi ndiye niliyembadilishia maji. Akianza kujivua gamba, mimi ndiye niliyemlowanishia kitambaa ili ngozi isimng'ang'anie machoni. Mnyama wa kufungiwa ukimsahau, hana mlango wa kugonga.

Sheria ya kwanza alinifundisha mume wangu mwenyewe.

"Ukishika sungura, nawa kwa sabuni ndipo umguse Malkia. Yeye anafuata harufu. Ukinuka sungura, kwake wewe ni sungura."

Siku ile akaniambia, "Mke wangu, nishikie sungura nimsafishie banda."

Nikambeba kifuani. Nilipomrudisha, nikaenda bombani. Kavu.

"Maji yamekatika," akasema. "Njoo hivyo hivyo, mshike Malkia mara moja nipige video."

"Na ile sheria?"

"Ameshakula huyo, ameshiba. Huniamini?"

Nikamwamini. Ningefanyaje, ni mume wangu.

Nikampelekea Malkia mkono. Sikuona hata aliporuka...

Nilivuta, akabana. Nikatulia, akabana. Nikapiga magoti, nikamwita mume wangu kwa majina yote ya chumbani. Simu haikushuka.

Aliporidhika ndipo akaiweka mezani. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa cha spiriti, akamdondoshea Malkia mdomoni. Malkia akaachia.

Kichupa cha spiriti. Mfukoni. Nani anatembea na spiriti ndani ya nyumba yake?

Kesho yake, mkono ukiwa na bandeji, nikamuuliza mama wa nyumba ya pili, "Jana maji yalikatika saa ngapi?"

"Maji? Mbona nilikuwa nafua mchana kutwa?"

Nikakaa chini pale pale mlangoni kwake. Koki ya kufungia maji ya nyumba yetu iko nyuma, na tunaoishi mle ni wawili tu.

Nikaenda kituoni. Askari akaitazama video, tayari ilikuwa kwenye ukurasa, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Sasa mama, tumkamate nani? Nyoka?"

Mama mkwe naye akaniambia, "Mwanangu, vumilia. Ajali haina kinga."

Nikaondoka na cherehani yangu. Vidole viwili mpaka leo havisikii sindano. Video bado inazunguka, na wengine wenu mliicheka mkawatumia marafiki. Kuifuta siwezi.

Malkia simlaumu, alikuwa na njaa. Siku nyingi nilikuwa namuuliza mume wangu kama amemlisha, ananijibu ndiyo. Alitulisha uongo wote wawili, mmoja ndani ya kioo, mwingine nje. Nimejifunza kwamba anayemtesa mnyama ili watu watazame, na wewe zamu yako inakuja.

Haya yote nisingeyaandika. Ila jana ameweka video mpya.

Kuna dada mgeni sebuleni kwangu, gauni la njano, anacheka. Amembeba sungura kifuani.

Nikaandika kumwonya, maoni yakafutwa. Nikaandika tena, nikazuiwa.

Kwa hiyo nawaomba, sambazeni hii mpaka imfikie.

Dada wa gauni la njano, sikujui, na wivu sina. Ukienda bombani ukakuta pakavu, usirudi sebuleni. Toka nje hivyo hivyo, hata na huyo sungura.