Gunia la Nakhumicha

Kila asubuhi Nakhumicha alinunua gorogoro mbili, mikebe ya kupimia ya kilo mbili mbili, za maharagwe dukani, kisha akaketi kando ya soko la Kitengela kuyauza kwa kikombe. Faida ilitosha unga tu.

Mkopo alikuwa nao. Chama cha wanawake kilimdhamini, akapewa pesa za kununua gunia zima kwa bei ya jumla. Lakini alizifunga ndani ya leso, kiunoni. Kila Alhamisi, mkutanoni mwa chama, alichomoa noti humo humo, akalipa sehemu ya deni.

"Mama Linda, si ununue hilo gunia?" mumewe Elphas alimwuliza.

"Kukiwaka tena, nitakimbia nalo mgongoni?"

Mwaka uliotangulia, 2007, vita vya Mlima Elgon viliteketeza ghala lao la mahindi. Waliokoa watoto tu, wakakimbilia Kitengela. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ikafika Alhamisi, leso ikawa haina hata shilingi. Nakhumicha hakwenda mkutanoni. Asipolipa, wenzake waliomdhamini watalipa. Watamfukuza, na katika mji huu hana ndugu. Mlango ulipobishwa, aliufungua nusu.

Alikuwa Nalotuesha, Mama Allan, jirani yake na mwenyekiti wa chama.

"Supa, Mama Linda! Umetutoroka?"

"Ipa," Nakhumicha aliitikia salamu hiyo ya Kimaasai kwa sauti ndogo. Akamweleza yote.

Nalotuesha alishika kichwa. "Wewe! Umekuwa ukimkamua ng'ombe, kisha unamnywesha maziwa yake mwenyewe! Pesa zikilala, riba hailali. Mkopo hulipwa kwa faida."

"Gunia linaungua, Mama Allan. Nimeona kwa macho."

"Hata ng'ombe hufa. Juzi ukame ulimaliza wetu hapa. Unajua kwa nini hatukufilisika? Wengine walikuwa kwa shemeji yangu, kule Rombo. Mmaasai hafungi ng'ombe wote boma moja. Gawa gunia!"

"Nigawe na nani?"

"Mbithe anauza maharagwe kama wewe. Nunueni pamoja, kila mtu aweke nusu kwake. Na ukikwama, sema kabla ya siku ya kulipa, si baada."

Wiki hiyo chama kilimlipia kutoka mfuko wa dharura. Kilimkopesha pia nusu ya bei ya gunia. Wanawake wengine walinung'unika, naye akawasikia. Maharagwe yakaja kutoka Loitokitok. Siku za kwanza, gurudumu likipasuka barabarani, Nakhumicha aliruka na kukumbatia fungu lake.

"Keti, wewe! Ni lori tu!" Mbithe alimcheka.

Maharagwe yaliisha. Wakanunua gunia jingine, kisha magunia mawili. Sasa alilipa kwa faida, na chakula kilibaki. Wakati wa mvua alimaliza deni lote.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mwenye vibanda vya mabati vya sokoni, akodi kimoja. Mwenye vibanda aliwajua watu waliokimbia vita: walilipa kodi ya siku moja moja, wakiwa tayari kuhama.

"Unalipa ya siku ngapi, mama?"

Nakhumicha alifungua leso.

"Ya mwaka mzima," alisema haraka, kabla woga haujamkatiza.