Pua ya Bwana Mdogo

Kila siku saa nane mchana Dada alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni, na kabla hajatua mkoba alisikia sauti ya mama yake kutoka nyuma ya cherehani: "Mtoto huyo." Basi. Hakuulizwa ameshindaje wala kama ana njaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na mwalimu alipoita mahudhurio alimtaja kwa jina lake kamili. Lakini tangu mdogo wake azaliwe, nyumba nzima ilimwita Dada, na kadiri siku zilivyokwenda aliona kwamba hilo si jina tena, ni kazi.

Mdogo wake alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Walimwita Bwana Mdogo kwa sababu alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, kama mkaguzi aliyekuja kuangalia kama watu wanafanya kazi. Kila mnyama kwake alikuwa paka, hata ng'ombe. Aliwahi kuilisha redio uji, kijiko baada ya kijiko, huku akiibembeleza ifungue mdomo. Siku hiyo hata Dada alicheka mpaka akakaa chini. Ila siku nyingi hakucheka. Siku nyingi alikuwa akisaka kiatu kimoja ndani ya ndoo ya maji, na wenzake waliokuwa wakiruka kamba nje wakimwita, "Mama mtoto, unakuja au bado unanyonyesha?"

Baba yao alikuwa fundi wa makochi. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake, kimejaa mbao, misumari, makopo ya gundi na marobota ya sponji ya njano. Mama alishona vitambaa vya makochi hayo hayo. Vipande vya sponji vilikuwa kila mahali: chini ya vitanda, ndani ya viatu, mara nyingine hata kwenye chai. Na tangu mwezi uliopita alikuwepo pia bibi, mama yake baba, aliyekuja kusaidia kulea. Bibi alimwita Bwana Mdogo "mume wangu" na Dada "mke mwenzangu". Naye mama wa watoto, bibi alimwita "mwanangu" mambo yakiwa mazuri, na "nyinyi wa siku hizi" mambo yakiharibika. Wiki zile yaliharibika mara nyingi. Mama alitaka mtoto aogeshwe ndani kwa maji ya moto. Bibi alimwogeshea uani kwa maji ya vuguvugu. Mama alisema uji usitiwe sukari. Bibi aliitia mama akigeuka tu. Kila mmoja alimpelekea baba malalamiko yake, na baba alizidi kupigilia misumari ili asisikie.

Jumatatu moja Dada aliazimwa kitabu cha hadithi na rafiki yake, kwa masharti kwamba akirudishe kesho yake asubuhi. Alimketisha Bwana Mdogo kwenye mkeka uani, akampa kipande cha sponji achezee, kisha akaegemea ukuta na kufungua kitabu. Alijiambia atasoma kurasa nne tu. Zikawa kumi na tano. Alipoinua kichwa, sponji ilikuwa imenyofolewa vipande vipande, na Bwana Mdogo alikuwa anasukuma kimoja ndani ya pua kwa kidole gumba, kwa bidii ya mtu anayeziba bomba linalovuja.

Dada alimrukia. Aliona ncha ya njano ndani ya tundu la kulia, akaingiza kidole ili aivute. Ncha ikazama, haikuonekana tena. Mtoto akaangua kilio.

"Nini tena?" mama aliuliza kutoka ndani. Dada aliijua sauti ile. Ikishaulizwa namna hiyo, hakuna jibu linalofaa.

"Amejigonga."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Hotuba ikafuata. Aliambiwa kwamba macho anayo ya pambo, kwamba mtoto angeweza kutoka hadi barabarani yeye akiwa ameinamia karatasi, kwamba wenzake wa umri ule wanapika na kufua. Dada alisimama amefura kama andazi, machozi yamemjaa, lakini hayakuwa ya huzuni. Alijiuliza: ikiwa kwa kujigonga tu naambiwa yote haya, nikisema kilichotokea itakuwaje? Tena Bwana Mdogo mwenyewe alikuwa amekwisha kunyamaza, anafukuza kuku. Atapiga chafya, kitatoka.

Jioni ile mtoto alipiga chafya mara mbili. Dada alikimbia na kitambaa kuangalia. Hakukuwa na kitu.

Siku ya nne tundu la kulia likaanza kutoa kamasi nzito. Siku ya sita likaanza kunuka. Haikuwa harufu ya nepi wala ya jasho. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza mahali usipoweza kupafikia. Bibi alimsugua mtoto kwa sabuni mpaka akang'aa, na bado alinuka. Mama alisema ni mafua ya kuogeshwa kwenye upepo. Bibi alisema mafua hayo yameletwa na soda za baridi ambazo nyinyi wa siku hizi mnawapa watoto. Dada alisikia yote, akazidi kuinamia daftari lake. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa angetakiwa kueleza pia kwa nini hakusema jana.

Siku ya tisa alikuja mteja, dereva wa lori, kuangalia kochi lake. Bwana Mdogo alipenda wageni. Alimpandia mapajani na kumkumbatia. Dereva alikunja uso, akamshusha polepole, akainama nyuma ya kochi.

"Fundi, humu hamjafia panya kweli?"

Baba naye akainama, akatafuta panya. Bwana Mdogo akamfuata ili asaidie kutafuta, na harufu ikamfuata Bwana Mdogo. Dereva akaelewa, akaanza kusifia mbao. Huo ukimya wake kuhusu panya ulikuwa mbaya kuliko kama angesema. Alipoondoka, mama alisukuma kiti chake nyuma.

"Mama, leo acha niseme," alimwambia bibi. "Wewe ndiye unayemwogesha, wewe ndiye unayemfuta. Sasa hiyo harufu imetoka kwenye mikono ya nani?"

"Yaani mimi ni mchafu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, na mtaa umesikia. Nimelea watoto saba mimi. Hakuna aliyetafutiwa panya."

Baba aliibwaga nyundo mezani. "Nyamazeni wote wawili. Nimechoka na nyinyi."

Wote wawili. Baba hakuwa amewahi kumnyamazisha mama yake mzazi, na bibi hakungoja jingine. Aliingia chumbani, na walipokuja kushtuka begi lilikuwa limefungwa zipu. Mama alikuwa ameshika mkasi bila kukata chochote. Baba aliishia kumwamuru Dada amsaidie bibi begi mpaka kituoni, na kusema hivyo kwa ukali kana kwamba Dada ndiye aliyeanzisha.

Naye ndiye aliyeanzisha, alilijua hilo. Alijichukia, akamchukia na mdogo wake mwenye pua, na mama yake mwenye sauti ile. Alibeba begi.

Bibi alitembea haraka, akipita maduka na vibanda bila kumsalimu mtu. Walipofika karibu na kituo alisimama ghafla, akageuka, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya uso wa Dada. Ilikuwa mikono ya mtu mzima, imekunjamana, kucha zimekatwa hadi mwisho.

"Mke mwenzangu, wewe huna sababu ya kunidanganya. Nusa. Inanuka?"

Ilinukia sabuni. Dada aliliweka begi chini.

"Hainuki, Bibi. Ni sponji. Aliiingiza puani. Nilitaka kuitoa kwa kidole, ikazama. Mama nikamwambia amejigonga."

"Lini?"

"Leo siku ya tisa."

Bibi hakumpiga. Ingekuwa rahisi zaidi kama angempiga. Alimtazama hadi Dada akaangalia viatu vyake.

"Siku tisa," alisema. "Natukanwa mbele yako, unashuhudia nafunga begi, na wewe umelibeba." Kisha akalinyakua begi mwenyewe na kugeuka kurudi nyumbani, akienda kwa kasi hata Dada ikambidi akimbie.

Bibi aliingia bila hodi, akamnyanyua Bwana Mdogo kutoka sakafuni. "Pua hii ina kitu ndani. Twende zahanati. Mengine tutagombana tukirudi." Akamsukuma Dada mbele. "Sema."

Dada alisema yote tena, pamoja na kitabu na kurasa kumi na tano. Mama alipandwa na hasira, akainua mkono.

"Huo mkono utahitajika kumshikilia mtoto," bibi alisema. "Utunze."

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani kichwani. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kamasi zinatoka matundu yote mawili au moja. Moja, mama alijibu, la kulia. Aliuliza tangu lini, na mama akamgeukia Dada. Watu waliokuwa kwenye benchi waliacha mazungumzo yao. Dada alitamani sakafu impokee, lakini alieleza tena, mara ya tatu siku ile, na akaeleza hata kidole.

Walimviringisha Bwana Mdogo kwenye shuka kama mkeka. Mama alishika kichwa, bibi akashika miguu. Muuguzi aliwasha taa ndogo, akaingiza kibano chembamba, akavuta taratibu. Kitu kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe, na hakikuwa cha njano tena. Harufu yake iliwafanya wote wageuze nyuso. Damu kidogo ilifuata. Bwana Mdogo alilia, akavuta pumzi, akagundua kwamba pua inafanya kazi, akanyamaza. Aliangalia kile kitu kwenye kisahani, akakinyooshea kidole. "Paka," alisema.

Hakuna aliyecheka isipokuwa muuguzi, naye kidogo tu. Kisha aliwakaripia wote bila kubagua. Aliwaeleza kwamba mafua hutoka pande zote. Kamasi zinazonuka kutoka tundu moja maana yake kuna kitu kimeingia, na mtoto ni wa kuletwa siku hiyo hiyo, si wa kusuguliwa sabuni. Asichokonolewe kwa kidole wala kijiti, kwa kuwa kitu kikisukumwa nyuma kinaweza kushukia kwenye njia ya hewa akiwa amelala. "Na wewe," alimwambia Dada, "ungesema siku ile, ningemaliza kwa dakika mbili, wala asingetoka damu."

Walirudi nyumbani. Mama alimlaza mtoto, akaja kusimama mbele ya bibi. "Mama, nilikukosea. Nilitaja mikono yako, na haikuwa mikono yako."

"Ulinikosea kweli," bibi alijibu. "Nimesikia. Bado nina hasira, lakini chakula nitakula."

Baba naye aliomba radhi, akiangalia nyundo yake. Kisha akamgeukia Dada na kuanza kupandisha sauti, lakini bibi akamzuia kwa kiganja.

"Huyu niachie mimi. Sikiliza, mjukuu wangu. Ulisoma, mtoto akachezea pua. Hilo hutokea. Mtoto wangu mmoja alimeza kifungo nikiwa namtazama hivi hivi." Akamwonyesha baba kwa kidevu. "Huyo hapo. Kosa lako ni kuficha. Ulisema neno moja, 'amejigonga', na neno hilo likafanya kazi siku tisa. Limemuumiza ndugu yako, limemfanya mama yako anivunjie heshima, na mimi limenifungasha begi. Ukikosea, sema saa ile ile, kosa likiwa bado dogo. Utakaripiwa, ndiyo. Karipio haliozeshi pua ya mtu."

Dada aliitikia kwa kichwa, machozi yakidondoka. Ndipo bibi akawageukia wazazi.

"Na nyinyi. Mtoto anayepigiwa kelele kabla hajamaliza kusema, atajifunza kutosema. Halafu huyu ni dada wa mtoto, hakumzaa. Akitoka shule ale, apumzike, asome. Kisha ndiyo asaidie."

Kesho yake saa nane, Dada alikuta sahani yake imefunikwa mezani, na vipande vyote vya sponji vimezolewa na kufungiwa kwenye gunia.

Wiki mbili baadaye Dada alikuwa anafanya hesabu, na zamu ya kumwangalia mtoto ilikuwa yake. Alipoinua kichwa, alimwona Bwana Mdogo ana kijiko mkononi. Alisimama kidogo katikati ya chumba. Kisha akaenda uani, alikokuwa mama yake akianika nguo.

"Mama, nilikuwa naandika, sikumwona. Bwana Mdogo ameilisha cherehani uji."

Uso wa mama ulikunjamana. Ile sauti ilimpanda hadi kooni, Dada akaiona ikija. Mama alifumba macho, akameza, akafumbua.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema kwa shida. "Uji wenyewe una sukari?"

"Bibi ndiye aliyeupika."

"Basi inaganda. Haraka, lete bisibisi."

Walifungua cherehani pamoja, mama akinung'unika kwa hasira kila skrubu iliyotoka, Dada akifuta, mpaka sindano ikaanza kupanda na kushuka tena.