Kiharusi cha Mjomba

Hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na baba, maana alimzika angali mtoto. Hakuwa na mdomo mtamu wa kuwalegeza wasichana, wala kifua cha kujaza makoti aliyowashonea wanaume wenzake. Nyumba hakuwa nayo. Alipanga chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta. Hayo yote alikwisha kuyazoea. Ila tangu mjomba wake atangaze kwamba anastaafu na kumwachia duka la ushonaji, hakuwa na pumzi, na hilo lilimshinda kulizoea.

Kila alipofikiria kuwa funguo zitakuwa zake, kifua kilimbana, viganja vikalowa, mkasi ukamteleza. Alianza kufumua mishono isiyo na kasoro, akaishona upya, kisha akaifumua tena. Mjomba alidhani ni bidii, akamsifu mbele ya wateja: "Mtazameni Fundi wangu! Hata usingizi halali." Na kweli alikuwa halali.

Asubuhi moja Fundi alikuwa anavuka njia panda, suti ya bwana harusi begani, gari dogo lenye kibao cha mwanafunzi lilipozimika hatua moja kutoka magotini mwake. Honi zikalia pande zote. Nyuma ya usukani alikuwapo bwana mmoja mnene, ameukumbatia kama mtu anayezama. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka dada mwenye blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani na viatu bapa.

"Kaka, pole! Amekugusa?"

"Mimi hajanigusa. Ila nusura aivunje harusi ya watu." Fundi aliinyanyua suti.

Dada akacheka, cheko la kutoka tumboni. "Msamehe. Leo ndiyo mara yake ya kwanza barabarani."

"Na wewe huogopi kukaa naye humo?"

"Mimi huwaogopa wanaojiamini. Anayetetemeka namfundisha, anaiva."

Maneno hayo Fundi aliondoka nayo. Baada ya siku chache mwalimu huyo wa udereva aliingia dukani na sketi yenye zipu mbovu. Fundi aliivuta zipu juu, akaivuta chini. Ilikuwa nzima kabisa.

"Hii itahitaji muda," alisema bila kuinua macho.

"Nilijua tu," alijibu Mwalimu. "Nitakuwa napita kuiangalia."

Wakapendana. Mchana alimpigia simu kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, injini ikinguruma nyuma yake. "Fundi wangu, umekula?" "Nimekula, Mwalimu wangu." "Muongo wewe, sauti yako ina njaa." Alimjua hivyo. Lakini habari ya kifua kubana Fundi hakumwambia, kwa kuhofia ataonekana mwanamume nusu.

Ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwa mama yake Mwalimu, aliyeishi mji mwingine. "Mama amefua mapazia," Mwalimu alimwambia. "Ameazima viti kwa jirani. Shangazi zangu wote watakuwapo, kwa hiyo jiandae kukaguliwa kama gari kuukuu."

Jumapili hiyo Fundi alifika kituo cha mabasi ndani ya suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe na kuifumua mara nyingi. Akaliona basi. Akakiona kile kitambaa cha rangi ya chungwa dirishani. Ghafla duka, funguo, shangazi na viti vya kuazima vikamwangukia kwa pamoja. Masikio yakavuma. Akajibanza nyuma ya kibanda cha magazeti, mkono kifuani, akidhani anakufa. Simu ikaita.

"Uko wapi, laazizi? Nimekushikia kiti, kuna mzee hapa anakitolea macho."

"Mimi... Mjomba ameanguka."

"Ameanguka? Amepatwa na nini?"

"Kiharusi."

Neno lilitoka lenyewe.

"Mungu wangu! Nashuka, nakuja."

"Hapana! Nenda, mama anasubiri. Nitakupigia."

Basi likaondoka. Papo hapo pumzi yake ikarudi, nzuri, tele, kama ya mtu aliyefunguliwa kamba. Alisimama pale akiivuta, na kila alivyoivuta ndivyo alivyojiona mwizi.

Jioni simu iliita tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mama yake Mwalimu, taratibu na yenye huruma.

"Mwanangu, pole sana. Mgonjwa anaendeleaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Fundi alifumbua mdomo. "Anajitahidi, mama. Leo amekunywa uji."

"Ashukuriwe Mungu. Mwambie kila asubuhi huwa naiombea miguu yangu hii inayoniuma. Sasa nimeiweka kando, ombi hilo ni lake mpaka asimame. Wewe usijali habari ya viti. Viti vitarudi."

Fundi alikata simu, akakaa juu ya kitanda na suti yake hadi ilipojikunja.

Kesho yake kazini alikuwa akimtazama mjomba kwa wizi. Mzee akipiga chafya, Fundi anaruka. Akishika kiuno, Fundi anamletea kiti. "Una nini wewe?" mzee alifoka. "Unanitazama kama mtu anayepima sanda!"

Mchana Fundi alipotoka kununua nyuzi, Mwalimu aliingia dukani na chupa ya supu na mfuko wa matunda, akitaka kuuliza mgonjwa kalazwa wodi gani. Akamkuta mgonjwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, miguu inaning'inia, anatafuna karanga na kubishana na redio kuhusu mpira.

"Shikamoo mjomba," alisema Mwalimu, sauti imekauka.

"Marahaba mwanangu. Matunda hayo ya nani?"

"Ya kwako. Nilisikia una kiharusi."

Mzee alijitazama mikono, upande huu na upande ule. "Basi kimenikaa vizuri."

Fundi aliporudi alikutana naye mlangoni. Mwalimu hakupiga kelele. Alimkabidhi ile chupa ya supu, ya moto bado, akasema, "Kama kuna mwanamke mwingine, ungemsingizia yeye, si mzee wa watu." Akaenda zake.

Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena ikazimwa. Mjomba akasogeza redio, akaizima pia, na siku hiyo Fundi akalazimika kueleza yote: kifua, viganja, kufumua, kituo cha mabasi.

"Kumbe duka lilikuwa linakukaba, na wewe kimya?"

"Niliona utanidharau, mjomba."

"Ukaona afadhali unilaze hospitali. Hiyo ndiyo heshima!" Mzee aliguguna karanga kwa hasira. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nitaendelea kuja asubuhi. Mpaka uache kufumua. Na supu hiyo lete hapa, ni ya kwangu."

Asubuhi iliyofuata Fundi alikwenda kwenye uwanja wa mafunzo ya udereva, akapanga foleni na wanafunzi. Zamu yake ilipofika aliingia garini, akakaa nyuma ya usukani. Mwalimu alikuwa ndani tayari. Alimtazama, akatazama mbele.

"Funga mkanda."

Akafunga.

"Kanyaga klachi. Gia ya kwanza. Achia polepole."

Gari likajivuta kama lenye kigugumizi, likatoka langoni, likaingia mtaa wenye utulivu. "Hakuna mwanamke mwingine," Fundi alisema, na hapo kifua kikabana, mikono ikaanza kucheza juu ya usukani, jasho likamtiririka shingoni. Mwalimu alikanyaga breki ya upande wake, gari likasimama pembeni.

Akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu dukani.

"Hali hii ndiyo iliyokupata siku ile ya basi?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Toa pumzi. Usivute, toa. Polepole, kama unapoza chai. Haya, niambie unaona nini."

"Mlango... wa kijani. Mama anaanika shuka. Paka."

"Paka wa rangi gani?"

"Mchafu."

Mwalimu alitaka kucheka, akajizuia. Walikaa mpaka mikono ya Fundi ikatulia.

"Itarudi," alisema Mwalimu. "Kwa wengine hurudi, nao hujifunza kuegesha pembeni na kungoja ipite. Wanafunzi wangu karibu wote hutetemeka, sijamfukuza hata mmoja kwa hilo. Namfukuza anayeniambia amefunga mkanda na hajafunga." Machozi yalikuwa yamemlenga. "Mama yangu leo asubuhi amemwombea mjomba wako. Miguu imevimba, na bado anamwombea mtu anayetafuna karanga."

"Nitamwambia."

"Kwa simu? Atakuita mwanangu, nawe utamnywesha mgonjwa uji tena."

Fundi aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli. "Basi nitaandika."

Aliandika mchana huohuo dukani, juu ya meza ya kukatia, Mwalimu akiwa ameketi karibu na dirisha, kitambaa chake cha rangi ya chungwa magotini. Mstari wa kwanza ulisema mjomba amepata nafuu. Alimsomea.

"Gari limerudi nyuma," alisema Mwalimu.

"Nisaidie basi, mpenzi."

"Usukani sikushikii."

Akachukua karatasi nyingine. Herufi zilipinda, lakini safari hii hakufuta kitu:

*Mama, mjomba wangu hakulazwa wala hakuugua. Niliyeugua ni mimi, na ugonjwa wangu ni hofu. Nilikuacha na viti vya watu, nikakudanganya, kisha ukanipa pole nami nikaipokea. Nampenda binti yako. Nikiruhusiwa nitakuja, na huenda nikaja natetemeka. Ukikataa, nimestahili. Ila nakuomba, ombi lako la asubuhi lirudishe kwenye miguu yako.*

Mwalimu alisoma mpaka mwisho, akarudia mstari wa miguu. Alimrudishia karatasi, akajifunga kitambaa kichwani, akasimama mlangoni kumngojea.

Fundi alikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akapitisha ukucha ukingoni kama anavyolaza mshono. Kwa mazoea kidole kilirudi kwenye kona ya bahasha, tayari kuifumua. Akatoa pumzi, polepole, akakiondoa.

Walivuka barabara pamoja hadi posta. Mbele ya sanduku la barua kifua kilimbana vilevile, na Mwalimu aliona, akamshika kiwiko. Fundi akaiingiza bahasha kwenye tundu, akaiachia.