Chupa ya Mto Tarrow

Chupa ilikuwa imefungwa vilevile alivyoifunga, kifuniko kimekazwa, kibandiko hakijaguswa, lakini maji yalikuwa yamepungua hadi nusu. Gwenda Thorley aliinyanyua dirishani, akaigeuza, kisha akapapasa rafu ya friji kati ya maziwa na siagi. Pakavu kabisa.

Haikuwa chupa ya mchezo. Yeye na wenzake walikuwa wakijitolea kupima maji ya mto Tarrow, wakitaka kuibana kampuni ya majitaka iliyokuwa ikifungulia vinyesi vya mji mzima mtoni. Tamsin, mjukuu aliyeishi naye, aliogelea humo mwezi wa nane, akaharisha damu mpaka akalazwa. Alhamisi kampuni ingehojiwa mbele ya baraza la mji. Maji haya yalichotwa kwenye mdomo wa bomba lao, na bomba lilikuwa limeshafungwa. Ushahidi mwingine hakuna.

Ufunguo wa pili wa nyumba alikuwa nao Desmond Pike, tarishi mstaafu na mwenzake katika kikundi. Mpwa wa Desmond aliajiriwa na kampuni hiyohiyo. Gwenda akaunganisha moja na jingine.

"Mpwa wako hajambo?" alimuuliza Desmond alipokuja kunywa chai.

"Hajambo. Mbona unaniuliza kwa jicho hilo?"

"Jicho gani? Naona tu maji yangu siku hizi yameota miguu."

Desmond akaweka kikombe chini. "Yaani chai yote niliyokunywa hapa, leo mimi ni mwizi wa mavi? Haya. Tukae wote, tulinde, tumwone huyo mwizi."

Wakajibanza stoo ya jikoni, mlango wazi kidogo. Ulikuwa Novemba, majira ya siku fupi, saa kumi na moja jioni na giza limeshaingia. Gwenda hakuwa akiitazama friji. Alikuwa akiitazama mikono ya Desmond.

Sinki ikakoroma. Halafu ikaja harufu, kwanza ya majani mabichi, kisha ya choo kilichofurika, ikazidi mpaka macho yakawawasha, na katika harufu hiyo wakasikia nyayo tupu zikishuka ngazi, chap, chap, kama za mtu atokaye kuoga, na Tamsin, ambaye hakuwa ametoka nje siku nzima, akaingia jikoni nywele zikimchuruzika, akafungua friji, akaichukua ile chupa na kuibandika shavuni, na maji yakaanza kushuka ndani yake huku kifuniko kimefungwa na koo la msichana likimeza, likimeza.

"Tamsin?" Gwenda alinong'ona.

Tamsin akageuka. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mzima, imekauka.

"Mnanichota. Mnanitia dawa zenu. Mnanimwaga kwenye sinki. Kwangu mnanirudisha lini?"

Gwenda akaitazama sinki. Ilikuwa kweli. Maji yakishatiwa dawa za kupimia, kikundi kilikataza kuyarudisha mtoni yasije yakauchafua, basi masalia yote yeye aliyamwaga hapo jikoni, akijiona mwema.

"Marehemu mama akichota ndoo mtoni," Desmond alinong'ona, "aliurudishia mto kikombe cha maji na kipande cha mkate. Sisi tukimcheka. Mrudishie, Gwenda. Hata yaliyobaki."

"Na Alhamisi?"

"Mtazame mtoto!"

Midomo ya Tamsin ilikuwa imegeuka bluu. Gwenda akampokonya chupa, akanyakua mkate mezani, wakatoka mbio.

Mtoni, penye bomba, Gwenda alitupa mkate majini, akamimina chupa mpaka tone la mwisho. Alikuwa akilia, na hasira imempanda.

"Nenda kwako! Lakini aliyekuchafua si mjukuu wangu. Bomba ni hili. Lifuate mpaka kwa mwenyewe!"

Maji yalitulia. Kisha, bila upepo, yakaanza kuingia bombani, ingawa lilikuwa limefungwa.

Nyumbani walimkuta Tamsin mkavu, akiuliza mkate umeenda wapi.

"Nisamehe, Desmond," Gwenda alisema.

"Nitakufikiria. Chemsha chai kwanza."

Alhamisi, ukumbi ulijaa. Mkurugenzi wa kampuni, Bwana Aldous Hargrave, alitabasamu. "Ushahidi uko wapi, mama?"

Gwenda hakuwa na kitu. Alikaa mikono mitupu, akimfikiria Tamsin na kitanda cha hospitali, akatamani kupiga kelele.

Hargrave akanywa maji. Akajaza tena, akanywa. Halafu akaiacha glasi mezani, na maji yakaendelea kushuka yenyewe, huku koo lake likimeza. Harufu ikaenea, watu wakaziba pua. Kola yake ikaanza kuchuruzika.

"Bomba tulilifungua sisi," alisema, kwa sauti kavu ya mwanamke. "Hata siku zisizo na mvua, wakati sheria inakataza. Mwezi wa nane tulilifungua, na tulijua watoto wanaogelea."

Wajumbe wa baraza wakaanza kuandika. Midomo yake ilikuwa ikigeuka bluu.

Desmond akamwinamia Gwenda. "Mkate ninao mfukoni," alinong'ona. "Twende mtoni?"

"Tulia kwanza," Gwenda alisema. "Hajamaliza kusema."