Nzi wa Embe za Kahonzi

"Kalitoe hilo fingo lako la uchawi, mzee! Lichimbue leo hii!"

Bi Kahonzi alikuwa akifoka langoni kwa Mzee Mwaro, jirani yake huko Kaloleni. Mkononi ameshika embe mbovu. "Nje nzima, ndani funza watupu! Wameingilia wapi, kama si uchawi wako?"

"Mwanangu, hata zangu zimeoza."

"Unajiroga ili utufumbe macho!"

Watu wakajaa. Na watu wakijaa, maneno hayakosi. Mvi za mzee zikawa ndio ushahidi. Vijana wakampa siku tatu ahame, la sivyo wangemchomea nyumba.

Phoebe, afisa wa kilimo, alizisikia habari hizo sokoni. Akaja siku hiyo hiyo, akatundika kwenye mwembe wa Kahonzi chupa yenye dawa ya kunasa nzi. Siku ya tatu aliwamwaga nzi walionaswa kwenye sahani nyeupe. Vijana walikuwa wamekwisha kuja na mafuta ya taa.

"Tazameni mabawa," alisema Phoebe. "Nzi wetu wa zamani ana madoa mabawani. Huyu hana. Ana mistari miwili ya njano mgongoni, na tumboni alama kama herufi T. Ni nzi wa matunda aliyetoka Asia. Jike hutoboa ganda la embe, akataga mayai ndani. Tundu lenyewe ni kama la sindano. Kwani embe mbovu mnazitupa wapi?"

Kahonzi aliinama. "Kwa mzee, nyuma ya ua. Ili uchawi umrudie."

"Basi funza wanatoka, wanaingia mchangani, wanakuwa nzi. Wanarudi mwembeni kwako. Mama, umewafuga mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Vijana waliondoka mmoja mmoja. Hata pole hawakumpa mzee.

Kahonzi akachimba shimo la kupita goti. Kila siku aliokota embe zilizoanguka, akazifukia humo. Majirani nao wakafuata, wakatundika na mitego.

Msimu uliofuata, embe nyingi zilitoka safi. Lakini jina la mchawi lilikuwa limemganda Mzee Mwaro. Watoto walipita kwake mbio. Mwaka mzima alikula peke yake.

Siku moja Kahonzi akabeba kikapu cha embe, akabisha hodi.

"Shikamoo, baba. Nilikukosea."

Mzee alikuwa akila. Mbele yake palikuwa na sima na mboga ya mchunga. Nje, majirani wamenyoosha shingo juu ya ua, wanangoja waone.

"Marahaba," alisema mzee, akamsogezea kigoda. "Nawa mikono, mwanangu. Karibu tule."