Hodi Kwenye Gari la Kijivu

Natvarlal hakumkaribisha mtu kwenye gari la kijivu, na Sabaha angeshtuka hapo hapo kama si joto na mtoto mkononi. Mfanyabiashara wa Kariakoo asiyesema karibu umemwona wapi? Natvarlal huyo alikuwa akikaribisha hata mbuzi waliopita mbele ya uwanja wake wa magari, nyuma ya soko. "Karibu mama, karibu bwana, kuangalia bure." Lakini alipofungua milango ya lile la kijivu alibana midomo, akasogea pembeni, akaonyesha kwa mkono tu kwamba waingie.

Bakili, mumewe Sabaha, hakuona kitu. Bakili akishapenda huwa haoni. Alikuwa muuza nazi mwenye ukoo mkubwa, na alikuwa ameapa kwamba Idi hii mama yake, Bi Somoe, haendi Kilwa juu ya magunia ya lori na miguu yake ile iliyovimba. Kwa hiyo kwa siku kadhaa walikuwa wakipima magari. Jeusi la Kiingereza lilipendeza, ila Bi Somoe alipokaa nyuma magoti yakamgusa kidevu. Landrova lilikuwa na nguvu za kupita popote, lakini kumpandisha yule bibi kulitaka watu wa kumsukuma, na alishuka akiwatukana wote. La kijivu ndilo lilikuwa gari la familia hasa: viti safu tatu, vioo pande zote, na nyuma kabisa nafasi ya mizigo.

"Tulizungushe kwanza mpaka Magomeni," alisema Bakili. "Twende wote, Bwana Natvarlal."

"Nendeni tu. Mimi nangoja hapa." Kisha akamwinamia Sabaha dirishani, sauti chini. "Mama, humo ndani bora watu wasiongee sana."

"Kwa nini?"

"Dereva anasumbuka," alisema, akaondoka haraka.

Bakili alishika usukani, mwanawe Awadhi kando yake. Safu ya kati alikaa Bi Somoe, na Sabaha karibu na mlango, amempakata Tatu. Tatu ndiyo kwanza anajifunza kusema, na Sabaha alikuwa amemfundisha heshima kabla ya maneno mengine. Mtu akibisha hodi nyumbani, Tatu ndiye wa kwanza kupiga makofi na kuitika, "Kalibu," nyumba nzima ikacheka. Safu ya nyuma haikuwa na mtu.

Walizunguka Mnazi Mmoja kwanza, ili watu wawaone, maana Bakili naye kwa maringo hajambo. Kisha wakateremka Jangwani, kwenye bonde la mto. Jua lilikuwa kali, mvua zilikwisha zamani, lakini gari likaanza kunuka tope, tope la mafuriko lenye majani yaliyooza. Sabaha aligeuza uso kutafuta hewa. Nyuma yake, kwenye kiti kitupu, mtu akagonga bati polepole, kistaarabu kabisa.

"Hodi."

Sabaha alikuwa anamfunga Tatu kofia. "Karibu," akajibu.

Hakufikiri. Nani hufikiri? Aliyelelewa pwani haachi hodi ikakaa bila jibu, ulimi unatangulia wenyewe.

Gari likainama upande wa nyuma, springi zikalia, injini ikazimika. Bakili alizungusha ufunguo, akavuta kitasa cha mlango, akavuta kingine, akagonga kioo kwa ngumi na kioo hakikushuka wala hakikuvunjika, na huko nje wapita njia waliokuwa wakitoka sokoni na vikapu vyao wakadhani wanasalimiwa na watu wenye gari jipya, wakapunga mikono, wakacheka, wakaenda zao, huku ndani joto likipanda na jasho likiwatiririka wote, isipokuwa shingo ya Sabaha, ambako pumzi baridi ilikuwa ikimpiga taratibu, ikinuka tope.

Bi Somoe alianza kusoma dua kwa kunong'ona. Alipomaliza, kiti cha nyuma kikaitikia, "Amina."

Bibi akauliza, "Nani kamkaribisha?"

"Mimi, mama," alisema Sabaha.

"Msigeuke. Huyu kaingia kwa adabu, hafukuziki. Mgeni anasindikizwa."

"Nitamsindikiza mimi," alisema Bakili.

"Hukumkaribisha wewe, mwanangu."

Sabaha alimwangalia Tatu, aliyekuwa ameanza kuhema kwa joto, midomo imekauka. Akamweka mtoto mapajani mwa mkwewe.

"Ukifika mtoni muage, urudi," Bi Somoe alimnong'oneza. "Akisema na yeye akusindikize wewe, kataa. Sabaha, kataa."

"Mgeni wetu," alisema Sabaha bila kugeuka, "twende nikusindikize."

Mlango wake, huo peke yake, ukafunguka. Springi zikanyanyuka. Walimwona Sabaha akishuka bondeni kwenye majani, anatembea kando ya njia kama anayemwachia mwenzake nafasi, anatikisa kichwa kuitikia mazungumzo. Mlango ukajifunga. Bakili aliuvuta kwa mikono miwili, hata haukutikisika.

Walingoja, na hewa ikazidi kuwa nzito. Awadhi alikuwa analia bila sauti.

Kisha Sabaha akatokea, kanga imelowa mpaka magotini, anatabasamu. Bakili machozi yakamtoka kwa furaha. Mkewe alikuja mpaka kwenye mlango wake, kitasa kipo mbele ya mkono wake. Hakukigusa. Alizunguka mpaka nyuma ya gari, akagonga bati polepole, kistaarabu kabisa.

"Hodi."

Bakili alifungua mdomo. Bi Somoe akamshika bega. "Mkeo tangu lini anabisha hodi kwako?"

"Na kama ni yeye, mama?" aliuliza Bakili. "Nimwache nje?"

"Hodi," alisema tena yule wa nje, kwa sauti ya Sabaha. "Baba Awadhi, jua kali."

Bakili aliuma kiganja chake. Bi Somoe alijiziba mdomo kwa kanga, akasahau aliyempakata.

Tatu aliisikia sauti ya mama yake. Akacheka, akapiga makofi.

"Kalibu."

Gari likainama upande wa nyuma, likanuka tope, na mlango wa Sabaha ulikuwa bado umefungwa.