Saluni Iliyofungwa

Lifti ilikwama Jumamosi mchana, katikati ya jengo la maduka, imejaa watu na mifuko yao. Mlango ulipofunguliwa kwa nguvu, wa kwanza kutolewa alikuwa msusi mmoja mwenye gauni la njano. Aliyemvuta ni fundi wa lifti, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu na grisi hadi viwikoni.

"Umeniharibia gauni, kaka!"

"Basi nitafute nikufulie. Namba yangu hii hapa."

Tangu siku hiyo simu ya msusi haikupoa.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Uko ghorofa ya ngapi leo?"

"Ya juu kabisa. Naiona saluni yako, nakuona na wewe dirishani."

"Muongo mkubwa! Saluni yangu haina dirisha."

Walipofikia kuoana, msusi ndiye aliyeweka sharti. Dada yake alifukuzwa na mume kwa maneno ya "umekula jasho langu," msusi naye akaapa hatasimangwa na mtu. Wakaenda kwa wakili, wakaandikiana: kodi, umeme, maji na chakula ni nusu kwa nusu, na wakiachana, aliyetoa pungufu atamlipa mwenzake. Fundi alitia saini huku akicheka. "Mke wangu mkali kuliko benki!"

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama yake fundi alipopata kiharusi, akaletwa kwao. Fundi wakati huo kazi ilikuwa imempeleka mji mwingine, akirudi mwisho wa mwezi tu. Asubuhi ya kwanza msusi alimkuta mkwewe analia juu ya shuka zilizolowa.

"Mwanangu, niapie. Asijue. Nimemzaa mimi, nitamtazamaje?"

"Naapa, mama."

Mama hakukubali kuguswa na mkono mwingine wowote. Saluni ikafungwa. Msusi alifua, aliogesha, aligeuza mgonjwa usiku na mchana, na mume akirudi alimkuta mama yake kakaa kitini, msafi, ananukia poda. "Mimi mzima, baba, najihudumia mwenyewe," mama alimwambia.

Umbea hauna breki. Siku moja fundi akapiga simu.

"Nasikia saluni ina kufuli miezi yote hii. Nusu yako siioni. Unafanya nini humo ndani?"

"Niamini tu, mume wangu."

"Kuamini hakulipi kodi! Wewe uliyeogopa kusimangwa, umenigeuza mradi?"

Neno hilo lilimchoma msusi, lakini kiapo ni kiapo. Fundi akafungua kesi ya talaka, akadai mkataba utekelezwe. Mpaka siku ya hukumu, kila fundi aliporudi, walikuwa bado chini ya paa moja, msusi akilala chumba cha mkwewe.

"Dawa ya deni ni kulipa," alisema wakili wa fundi mahakamani, kajaa ndani ya suti yake.

Hakimu alimgeukia msusi. "Una sababu yoyote ya kushindwa kutoa nusu yako?"

Msusi aligeuka. Mkwewe alikuwa nyuma kwenye kiti cha magurudumu, na macho yao yalipokutana, mama aliinamisha kichwa.

"Sina, mheshimiwa."

Basi ndoa ikavunjwa, na mkataba ukasimama kama ulivyoandikwa. Viti, vioo na vikaushio vya saluni vikaamriwa viuzwe, fundi alipwe.

Nje, kwenye korido, fundi aliinama amrekebishe mama yake kitini. Mkono wake ukarudi umelowa.

"Usiniguse!" mama alilia mbele za watu. "Niitie mwanangu! Yeye ndiye anayenijua!"

Msusi alikwisha kufika. Alitoa nguo safi na kitambaa kwenye mkoba, akamsukuma mkwewe hadi chooni. Walipotoka, fundi alikuwa ameketi sakafuni, analia kama aliyefiwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuomba uniamini."

"Nisamehe. Sitaki hata shilingi. Kazi ya mbali naiacha. Twende nyumbani, mpenzi wangu."

Msusi alimpenda bado, hilo halikuwa na ubishi, na ndiyo maana hakuthubutu kumtazama usoni.

"Vitu vya saluni viuze, nilitia saini kwa mkono wangu. Mama nitakuja kumwogesha kila asubuhi." Alifunga mkoba wake. "Ila nikija nikukute umeshatoka. Funguo acha kwa jirani."